Hedi na Kifaa cha Kunyoosha

Kosa la Daktari Burawi lilikuwa kumwambia Hedi achague mwenyewe.

Wasila alikuwa amekaa ubavuni mwa mumewe, mkoba mapajani, na aliposikia neno lile moyo ulimshuka. Alikuwa amehangaika sana kumfikisha mwanamume huyu kwenye kiti kile. Alimbembeleza, alimnunia, na mwisho alimwambia kwamba kama hataki kwenda kwa daktari, basi atakwenda yeye, atamweleza daktari kila kitu kwa niaba yake, na ataeleza kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha kungojea. Hapo ndipo Hedi alipovaa koti. Sasa walikuwa wamefika, amepimwa, ugonjwa umeonekana kuwa na jina na tiba, na mambo yalikuwa yakienda vizuri kabisa.

"Ni kovu," daktari alisema. "Limeota kwa ndani, kwenye utando wa uume. Ndiyo maana unapinda, na ndiyo maana unaona urefu umepungua. Linawapata wanaume wengi wa umri wako kuliko unavyodhani, ila hawasemi. Vidonge nitakuandikia, lakini kazi kubwa itafanywa na kuvuta. Kuna vifaa vya kuunyoosha taratibu, unavaa saa kadhaa kila siku, kwa miezi. Kuna vya vijiti, kuna vya mkanda unaofungwa pajani, kuna vya pampu. Tazama kinachokufaa, chagua, uanze mapema. Kovu likishakomaa halisikii tena."

"Nichague mimi," Hedi alisema taratibu. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye zulia tangu waingie. Wasila aliyaona yakiinuka.

"Wewe. Mwili ni wako."

Daktari hakumjua Hedi. Hedi alikuwa mkuu wa manunuzi wa kiwanda kimoja cha mafuta ya zeituni nje kidogo ya Sfax, na mawakala wa mashine wakitoka kwenye kikao chake walikuwa wakienda moja kwa moja kutafuta kahawa kali. Hakuna kitu kilichoingia kiwandani, iwe kifuniko cha chupa, bomba au chujio, bila yeye kukipindua, kukikwaruza kwa ukucha na kuuliza nani atakitengeneza kikiharibika. Kiwandani walimheshimu kwa hilo. Nyumbani ilikuwa taabu tupu. Jokofu lao la zamani lilipokufa, Hedi alianza kulinganisha majokofu wakati wa machungwa, na Wasila, ambaye huoka baklawa na keki za harusi na maisha yake yote ni siagi, akawa ananunua barafu kwa wauza samaki mpaka matikiti yakajaa sokoni.

Ndani ya gari, wakirudi, Hedi alipiga mluzi.

"Aina tatu," alisema. "Umesikia? Na kila aina lazima ina watengenezaji wake."

Wasila alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona mumewe ana furaha, na furaha yenyewe ilimuudhi.

Wiki zilizofuata Hedi alihamia kwenye meza ya kulia chakula na kompyuta yake. Kila akitoka kazini anakula haraka, anapangusa makombo, anafungua mashine. Wasila akimuuliza, anajibu kwamba bado hajapata picha kamili.

"Daktari alisema mapema," Wasila alimkumbusha.

"Mapema siyo haraka."

"Tofauti yake ni nini?"

"Mwenye haraka ananunua mara mbili." Alisema hivyo kwa sauti ya kikaoni, bila kuondoa macho kwenye kioo.

Kama angebaki kwenye kurasa za madaktari labda mambo yangekwisha mapema. Lakini kurasa za madaktari ni chache na zimeandikwa kwa ubahili. Za wengine hazina mwisho. Hedi aliingia humo akitafuta springi na mikanda, akakuta wanaume wa dunia nzima wamekusanyika wanaahidiana sentimita. Siku moja Wasila alimpelekea chai, akaona kwenye kioo mtu kifua wazi, mwenye misuli kama magunia, ameshika vipande vya chuma vinavyofanana na mawe ya mizani ya sokoni.

"Huyu nani?"

"Mtaalamu."

"Wa nini?"

"Wa mazoezi ya kuvuta. Yuko Ukraine. Kabla ya kuvaa kifaa unaupasha joto kwanza kwa taulo ya maji moto, halafu unavuta kwa mkono, halafu ndiyo uzito. Anasema yeye mwenyewe ameongeza..."

"Sitaki kujua ameongeza nini."

"Nakueleza mfumo tu."

"Hedi, sisi tunanyoosha. Haturefushi."

"Kitu kilichopinda ukikinyoosha kinarefuka. Ni hesabu ya darasa la nne hiyo." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na kama mtu anaingia gharama ya kununua, kwa nini asinunue kinachofanya kazi zote mbili?"

Wasila aliweka glasi mezani, chai ikamwagikia sahani, naye akarudi jikoni bila kupangusa.

Kifaa cha kwanza kilitoka kwa mchuuzi mmoja wa soko la bidhaa za magendo, ambaye aliuza pia kamera za ulinzi na vipodozi. Hedi alikileta kwenye mfuko mweusi akasema ni sampuli. Huwezi kulinganisha vitu bila sampuli, alisema, kila mnunuzi anajua. Kilikuwa kola ya mpira mgumu yenye ndoano chini yake, na vipande vya chuma vya kutundika kwenye ndoano, kimoja baada ya kingine. Maelezo yalikuwa ya Kichina, na picha iliyoyafuata ilimwonyesha mtu anatabasamu.

Alijifungia bafuni. Wasila alikuwa anamenya lozi, akasikia kimya, kisha chuma kikigonga vigae, kisha kimya kingine ambacho hakukipenda. Hedi alitoka amekuwa mweupe kama unga, akitembea miguu mbali mbali.

"Nionyeshe," Wasila alisema.

"Hakuna kitu."

"Nionyeshe, ama nampigia dada yako."

Akamwonyesha. Palikuwa na pete ya zambarau pande zote, kama mtu aliyefungwa kamba. Wasila alifunga barafu kwenye kitambaa akampa, akampigia daktari, na daktari, ambaye alikuwa mpole sana siku ile ya kwanza, sasa alisema maneno ambayo Wasila hakuyarudia yote.

"Anauliza nani alikwambia utundike," alimweleza mumewe, simu bado sikioni. "Anasema alisema kuvuta, hakusema kutundika. Anasema vyuma hivyo vinaharibu mishipa, uvitupe leo hii, na usijiguse mpaka hiyo rangi iishe kabisa. Anasema pia unapoteza muda. Hilo nimeongeza mimi, lakini anakubali."

Kifaa cha pili kilikuwa pampu. Ilifika kwa posta, bomba la plastiki angavu lenye mpira wa kubinya na saa ndogo ya kuonyesha nguvu ya hewa. Hedi aliijaribu kwanza bila kuivaa, kwa kuibana kwenye kiganja, na akagundua kwamba mshale wa saa unacheza. Akaiosha, akaiweka kwenye kichanja cha vyombo ikauke ili airudishe alikoinunua. Hapo ndipo Zakia, dada yake mkubwa, alipopita kuchukua trei ya baklawa za binti wa jirani yake.

"Hiki nini?" Zakia alikuwa amekwisha kukishika.

Wasila alihisi damu ikimpanda masikioni. "Cha kutolea hewa," alisema. "Kwenye chupa za lozi. Zisiingie wadudu."

"Lo, akili hiyo." Zakia alibinya mpira, akasikiliza hewa ikivutwa. "Zangu mwaka huu zimeoza nusu. Niazime wifi yangu, nitarudisha Ijumaa."

"Kibovu hicho. Hedi anakirudisha."

"Hedi hakosi kitu cha kurudisha," Zakia alisema kwa kumsikitikia, akambusu mashavu, akaondoka na trei yake. Wasila alibaki amesimama, bomba mkononi, akimsikiliza mumewe sebuleni anaandika barua ya malalamiko kuhusu mshale.

Alivumilia mpaka Jumapili. Siku hiyo alikuwa na oda kubwa ya harusi, mikono yake imezama kwenye lozi zilizosagwa, naye Hedi akaja akasimama mlangoni mwa jikoni na kompyuta kwapani. Alisema amemaliza mchujo wa kwanza, sasa wamebaki wawili, Mhispania na Mkorea, na anaelekea kumpendelea Mhispania isipokuwa hajaridhika na suala la vipuri.

"Njoo hapa," Wasila alisema.

"Nakusikia nikiwa hapa."

"Njoo hapa, Hedi, weka hiyo mashine chini."

Akaja. Akaiweka juu ya gunia la sukari.

"Mwaka jana kuanzia mavuno ya zeituni," Wasila alisema, huku bado anakanda, "ulianza kunigeuzia mgongo. Unalala na suruali. Nikikugusa unasema umechoka. Kazini kwako wameajiri yule mama wa mahesabu aliyeachika. Unajua nilikuwa nafanya nini?"

Hedi alitazama gunia la sukari.

"Nilikuwa nanusa mashati yako. Mwanamke wa umri wangu, nimesimama mbele ya kapu la nguo chafu, nanusa kola. Kila Jumatatu. Nanusa, sipati kitu, nasema basi ni mjanja. Halafu naosha."

"Wasila."

"Sijamaliza. Kumbe hakuna mama wa mahesabu. Kuna kovu. Kovu, Hedi, kama mtu aliyekatwa na kisu. Ungesema siku ile ile, tungekwenda siku ile ile, ungekuwa umeshapona unanisumbua na mambo mengine. Nikasema sawa, ameona haya, nimsamehe. Sasa tumekwenda, tumeambiwa la kufanya, na wewe mwana wa watu umekaa na Mkorea na Mhispania kama unanunua kiwanda. Kila siku unayochagua, lile kovu halichagui. Linakomaa tu."

Hedi alivuta kiti akaketi. Alichukua ganda la lozi mezani akawa analivunjavunja.

"Nilidhani ukiona utacheka," alisema.

"Nilicheka?"

"Hukucheka."

"Basi."

"Siyo kupinda tu." Alizungumza na ganda. "Kupinda ningevumilia. Ni kupungua. Nikiamka asubuhi, kwanza natazama. Halafu najiambia leo sawa na jana, halafu najiambia hapana, jana ilikuwa zaidi. Ndiyo maana na yule wa Ukraine. Najua ni mwongo. Lakini yeye ndiye pekee aliyesema kitu kitarudi."

Wasila aliosha mikono. Aliikausha kidole kwa kidole, na hasira yake, aliyokuwa ameiandaa vizuri, ilikuwa imemponyoka.

"Mimi sijawahi kukupima," alisema mwishowe. "Tangu uliponiposa. Sina kumbukumbu ya kipimo chochote."

Hedi alitikisa kichwa. Akamshika mkono, na Wasila akafikiri kwamba kitu kimefunguka hatimaye.

"Nipe wiki moja," Hedi alisema. "Yule Mhispania ameahidi kunijibu kuhusu vipuri."

Wasila alimtupia kitambaa cha kukaushia vyombo, kikampata usoni.

Kesho yake hakumuuliza mtu. Alipiga simu duka la vifaa tiba lililoko barabara ya kwenda Tunis, ambako mama yake alinunuliwa kitanda cha hospitali siku zake za mwisho. Aliuliza waziwazi, kwa lugha ya daktari, na mwanamke aliyepokea, Rafika, alijibu kwa sauti ileile ambayo angejibia mtu anayetaka magongo. Ndiyo, vipo. Aina mbili, ya vijiti na ya mkanda. Pampu anaweza kuagiza. Waje Jumamosi asubuhi.

"Siendi," Hedi alisema. "Sfax nzima inaingia dukani mle."

"Basi nitakwenda mwenyewe, nitanunua cha kwanza nitakachoonyeshwa. Bila kuuliza bei."

Maneno ya mwisho yalimtia Hedi ugonjwa. Jumamosi alivaa kofia, miwani ya jua na skafu, ingawa kulikuwa na joto, akamfuata mkewe kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Dukani palikuwa na viti vya magurudumu, soksi za mishipa, mashine za kupima presha. Mzee mmoja mwenye fimbo na kofia nyekundu ya sufu alikuwa amekaa anasubiri kujaziwa mtungi wa oksijeni wa nduguye. Mwanamume mwingine, mnene, mwenye nguo za kazi zenye rangi ya chokaa, alikuwa anajaribu bandeji ya goti. Hedi alitaka kugeuka. Wasila alimzibia mlango kwa mwili wake.

Rafika alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani kwenye mnyororo. Aliweka maboksi mawili juu ya kaunta akayafungua. Hedi aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo cha kaunta, na kwa muda alizungumza kwa mnong'ono ambao hata Wasila hakuusikia. Rafika naye akalazimika kunong'ona. Mambo yalionekana kwenda.

Kisha Hedi alivua miwani ya jua.

"Hii nati ya plastiki?"

"Ngumu sana, bwana. Ya Ulaya."

"Ngumu ni ngumu, lakini ni ya plastiki. Inazungushwa kila siku, kwa miezi, na meno yake ni haya?" Alikwaruza kwa ukucha. "Hii kwenye chupa ya mafuta nisingeiweka. Na springi? Nguvu yake ni gramu ngapi? Imeandikwa wapi?"

"Imo kwenye kijitabu."

"Kijitabu kinasema springi mpya. Baada ya nusu mwaka je? Nani ameipima?" Skafu ilikuwa imeteremka mabegani. Sauti ilikuwa imepanda, ikawa ile ya kikaoni. "Nipe ile nyingine. Hapana, usifunge hii, niachie zote mbili, nitaziweka sambamba. Mkanda huu ni mwembamba. Utakata. Nina uzoefu na kitu chembamba, dada yangu, usinifundishe. Mpana unao? Silikoni? Na huu ukichakaa nauziwa peke yake au nanunua kifaa kizima upya?"

Mwanamume wa bandeji alikuwa ameacha kujaribu goti. Mzee alisogeza kiti chake mbele kwa kukiburuta.

"Samahani, mwanangu," mzee aliuliza. "Hicho ni cha goti?"

"Hapana, haji," Hedi alisema bila kuinua kichwa, akihesabu meno ya parafujo. "Cha uume."

Feni ilisikika. Wasila alikaa kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa karibu, kwa sababu kilikuwa karibu. Alimwona mumewe akiganda, parafujo kati ya vidole viwili, na wekundu ukimpanda polepole kutoka shingoni kama maji kwenye kitambaa.

Mzee alifikiri.

"Kinafanya kazi?" aliuliza.

Hedi aliweka parafujo juu ya kaunta. Alimtazama mzee, akatazama kifaa. Wasila aliona mtu aliyeona haya na mkuu wa manunuzi wakigombana usoni mwake, na aliona nani ameshinda.

"Hicho ndicho tunachojaribu kujua hapa, haji," alisema.

"Mimi nina jirani yangu," mwanamume wa bandeji alisema, akitazama goti lake, "alipata kitu hicho. Kupinda. Hakwenda kokote."

"Alikosea. Kovu likikomaa halisikii. Mwambie jirani yako aende kwa daktari wa mambo hayo, wiki hii."

"Nitamwambia. Huwa namwona." Mtu yule aliweka bandeji chini. "Kati ya hivyo viwili atachukua kipi?"

Hivyo ndivyo walivyokaa dukani mpaka adhana ya adhuhuri. Hedi aliwaeleza wote. Cha mkanda ni chepesi, alisema, unaweza kukaa nacho garini, lakini mvuto wake hauna kipimo, ukipiga hatua ndefu unavutwa zaidi, ukikaa unalegea. Cha vijiti kinachosha kuvaa, lakini unaongeza kidogo kidogo unavyotaka, na unajua uko wapi. Pampu ni nzuri kwa kazi nyingine, na saa zake mbovu. Vyuma, hata usivitazame. Rafika alianza kwa kumjibu, akaishia kukaa kimya na kusikiliza kama wengine. Mtungi wa oksijeni ulikwisha kujaa zamani, na mzee hakuondoka.

Mwishowe Hedi alichagua cha vijiti, ambacho mkanda wake wa kushikilia ulikuwa mpana. Wasila alikuwa amekionyesha kwa kidole walipoingia tu, na hakuna aliyekumbuka. Kisha Hedi akaanza bei. Rafika alimpunguzia, akampunguzia tena, akaongeza mikanda ya akiba na chupa ya poda juu yake, akasema kwa adabu kubwa kwamba duka linafungwa.

Kukivaa kulikuwa na usumbufu wake, na usumbufu wote ulikuwa wa Wasila pia. Hedi alikivaa alasiri na jioni, chini ya jebba, ile kanzu pana, na alipokivaa alikaa wima kitini kama mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Hakuweza kuinama, kwa hiyo kila kilichoanguka kiliokotwa na Wasila. Hakuweza kumfungulia mlango Zakia, kwa hiyo Zakia aliamini mdogo wake anaumwa mgongo, akaleta mafuta ya kuchua na ushauri. Kila Ijumaa Hedi alipima, na kila Ijumaa alikuja jikoni na matokeo, milimita baada ya milimita, pamoja na maelezo ya kwa nini milimita ya wiki hii huenda ni kosa la kipimo, mpaka Wasila akamwambia kwamba akisikia tena neno milimita atamtilia chumvi kwenye kahawa.

Daktari Burawi alimpima tena baada ya majira mawili kupita. Alisema amefurahi. Kupinda kumepungua zaidi ya nusu, maumivu hayapo, na urefu umerudi kiasi. Siyo wote. Kama wangeanza mapema zaidi, alisema, halafu akamwona Wasila, akaacha sentensi hapo hapo.

"Na kama nikiendelea?" Hedi aliuliza. "Kwa ajili ya kuongeza?"

"Utaongeza milimita chache na kuchoka sana. Nenda nyumbani, Bwana Hedi."

Akaenda nyumbani. Wasila alikuwa amejiandaa kwa huzuni, kwa wiki nyingine za kompyuta, kwa Mkorea kurudi. Lakini Hedi alikiosha kifaa, akakikausha, akakirudisha kwenye boksi lake kila kipande mahali pake, akaliweka juu ya kabati. Siku hiyo alilala mchana bila suruali. Mambo hayakuwa kama ya ujana, na palikuwa na kugeuka upande huu na ule mpaka wakapata upande unaofaa, na Hedi alitaka kueleza kwa nini upande huo ndio unaofaa, Wasila akamziba mdomo kwa kiganja. Keki ya mtu iliungua kidogo kwenye oveni. Hakujali.

Taabu iliyobaki ilikuwa simu. Pale dukani Hedi alikuwa amempa mzee namba yake. Mzee alikuwa na wapwa. Mtu wa bandeji alikuwa na jirani, ambaye baada ya wiki chache aliacha kuwa jirani akawa yeye mwenyewe. Wengine Hedi hakujua walikotoka. Walipiga kutoka Gabes, kutoka Mahdia, mmoja kutoka visiwa vya Kerkennah, wote kwa sauti za chini, wote saa ya chakula. Waliuliza nati, waliuliza mikanda, waliuliza kama yule wa Ukraine ni mkweli. Hedi hakumkatisha hata mmoja.

Jioni moja Wasila alipakua supu ya shayiri na pweza, akaita. Akaita tena. Hedi alikuwa kwenye ushoroba, mgongo ukutani, simu sikioni.

"Hapana, ndugu yangu, kifaa baadaye," alikuwa anasema. "Hata daktari ngoja kwanza. Umemwambia mkeo? Hujamwambia. Basi usinunue chochote, mwambie mkeo kwanza. Leo. Hapana, hatacheka. Sikiliza, nakwambia mimi, hatacheka. Atakasirika, hilo ndiyo, na atakasirika muda mrefu..."

Wasila alisimama na mwiko mkononi. Alingoja. Hedi alimwona, akainua kidole kimoja kumwomba dakika, akaugeukia ukuta, akaendelea na habari za upana wa mkanda.

Supu ilianza kuganda juu. Wasila alivuta kiti, akakamulia limau kwenye bakuli lake, akala.